Niliweka picha za wanafunzi wangu mtandaoni, sasa mtoto mmoja haji shule

Shikamoo Mama Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Darasa la Pili katika shule moja binafsi hapa Moshi. Nina miaka 27 na huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Nakuandikia saa saba usiku kwa sababu usingizi umenikataa.

Mwaka jana nilikabidhiwa darasa la watoto 38, na wengi wao hawakuweza kumaliza sentensi moja bila kukwama. Nikajaribu kadi za silabi, nikajaribu nyimbo, nikawachanganya wanaojua na wasiojua kwenye dawati moja. Walisogea, ila kwa mwendo wa kinyonga. Siku moja nikamrekodi binti mmoja akisoma hadithi fupi, nikaituma kwenye grupu la wazazi la WhatsApp. Mama yake akajibu kwa voisi, anacheka huku analia. Kesho yake nikamsikilizisha mtoto sauti ile. Mama, ungemwona! Alikaa wima siku nzima kama amevikwa taji. Baada ya wiki, watoto waliokuwa wanajificha nyuma ya migongo ya wenzao wakawa wananifuata mezani wakati wa mapumziko: "Mwalimu, ukurasa wa saba nimeujua, nirekodi."

Nikafungua ukurasa wa darasa Facebook, kisha Instagram. Mwalimu mkuu alifurahi mno. Aliniambia wazazi watatu walioandikisha watoto Januari walisema wameiona shule kule. Tangu hapo kila Ijumaa ananikumbusha: "Wiki hii hujaweka kitu."

Wiki iliyopita, kabla ya kengele, mama wa mwanafunzi wangu mmoja alisimama mlangoni. Hakusalimia. Akaninyooshea simu. Ilikuwa picha ya mwanae niliyoiweka siku ya usafi, ameshika fagio la chelewa, anacheka, sweta lake lina beji ya shule. Akasema, "Mwalimu, nilihama mkoa usiku, nimemshika mkono huyu mtoto, ili mtu mmoja asijue tulipo. Jana amenitumia picha hii. Hakuandika neno lolote. Picha tu." Akageuka, akaondoka. Leo ni siku ya nne mtoto haji shule.

Picha nimeifuta. Mwalimu mkuu anasema hatuna kosa, maana wazazi wote walisaini fomu ya kujiunga inayosema wanakubali "shughuli zote za shule". Anasema huo ni ugomvi wa mke na mume, na ukurasa hautafungwa kwa sababu ya mtu mmoja. Walimu wenzangu wawili nao wananiambia simu haina kazi Darasa la Pili, nirudi kwenye chaki.

Kuna mengine madogo. Mvulana mmoja kwenye video alisoma "mbwa" akatamka "mu-bu-wa", wakubwa wa Darasa la Sita wakaiona kwenye simu za nyumbani wakaanza kumwita Mubuwa, lakini niliwakemea na limeisha. Na kuna mtoto anayelelewa na bibi yake mwenye simu ndogo ya kitochi, isiyo na intaneti. Aliniuliza, "Mwalimu, mimi ukinirekodi, bibi ataniona wapi?" Sikuwa na jibu.

Nilikuwa na mpango mmoja ambao bado unaniuma. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo anafundisha Darasa la Pili huko Arusha, na tulitaka madarasa yetu yaandikiane kwa mtandao. Sasa naogopa hata kutoa simu mfukoni. Nifute kila kitu? Yule mama nimwombeje msamaha? Na mwalimu mkuu nimwambie nini nisipoteze ajira?

Mwalimu wa Darasa la Pili, Moshi

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na yule mama, mengine yatasubiri. Usiende kumgongea mlango. Mtu anayejificha hapendi kusikia hodi asiyoitegemea. Mtumie ujumbe mfupi umuulize angependa mkutane wapi na saa ngapi, na uende na mwalimu wa kike ambaye mtoto anampenda. Mkionana, mwambie umekosea. Usianze na fomu, usianze na "sikujua", usimtaje mwalimu mkuu. "Nimekosea, mama, na nimekuja kukuuliza nifanye nini ili mtoto arudi darasani." Halafu nyamaza umsikilize, hata akikufokea.

Akishapumua, muulize kama anahofia kuumizwa, yeye au mtoto. Akisema ndiyo, mwambie kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, na ukubali kumsindikiza kama anataka kusindikizwa. Mwandikie pia namba 116 kwenye karatasi. Hiyo ni namba ya huduma kwa mtoto, na kuipiga ni bure. Mimi na wewe hatujui yaliyotokea ndani ya nyumba ile, na huenda baba naye ana lake la kusema. Mambo hayo yana wenyewe, afisa ustawi wa jamii na mahakama. Lako wewe ni geti. Mlinzi na dereva wa basi la shule wawe na daftari lenye majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto, limejazwa na mlezi mwenyewe. Mtu ambaye hayumo haondoki na mtoto, hata akija na suti na zawadi, hata mtoto akimkimbilia akimwita baba. Mama akiliona daftari hilo kwa macho yake, huenda mtoto akarudi kesho yake.

Sasa itazame ile picha kwa jicho la mtu anayetafuta. Beji inataja shule. Sweta linathibitisha. Tarehe imo, kwa sababu Facebook yenyewe inaandika siku na saa mliyoweka. Kicheko kinasema mtoto yuko salama na amezoea, yaani ataendelea kuwepo hapo. Wewe uliona fagio na usafi. Yeye aliona anwani.

Umeifuta, na umefanya vema, lakini kufuta kwako kumeishia kwenye ukurasa. Kama uliituma pia kwenye grupu, WhatsApp inakuruhusu kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na ushei tu, na hata ukiwahi, simu nyingi zinakuwa zimeshaihifadhi picha pamoja na picha nyingine za mwenye simu. Kwa hiyo waombe wazazi, bila kumtaja mtoto. Andika hivi: "Wazazi wapendwa, picha na video zote za wanafunzi nilizowahi kutuma humu naomba mzifute kwenye simu zenu, na kama mlimtumia mtu mwingine, mwombeni naye afute. Nilizituma bila kuwauliza kila mmoja wenu. Nisameheni." Usiongeze maelezo. Ukiongeza, watatafuta ni mtoto gani, na nchi hii tunajua kutafuta.

Nije kwa jambo ulilolipitia mbio. Umeandika mistari miwili juu ya mvulana wa "mu-bu-wa", ukasema limeisha. Mwanangu, limeisha kwako. Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi na nakwambia jina la utani la shuleni halifi kwa kukemewa, linahamia nyuma ya choo. Tena tazama alichokifanya mtoto huyo. Wewe umemfundisha kwamba ba ni b na a, mu ni m na u, na kila silabi inakaa na irabu yake. Akakutana na m, b na w zimebanana mbele ya irabu moja. Akafanya lile ulilomfundisha: kila herufi akaitafutia irabu ya kuegemea. Huyo ni mtoto anayefikiri. Mwalimu akisikia "mubuwa" anatakiwa kufurahi, kwa sababu amejua hasa mahali pa kuanzia kesho.

Darasani kosa lile lingeishi hadi kengele ya mapumziko. Kwenye simu ya kaka mkubwa linaishi hadi kidato cha nne. Kwa hiyo mtafute, ukae naye, umuulize wanamwitaje siku hizi na ni nani. Zungumza na mwalimu wa Darasa la Sita, na wale wakubwa waje mmoja mmoja, wasije kwa kundi. Halafu umpe yeye kazi ya kuwafundisha wenzake mbwa, mbweha na mbwembwe, asimame ubaoni na rula mkononi. Mtoto aliyeanguka mbele za watu ainukie mbele za watu hao hao. Na kuanzia leo usirekodi tena mtoto anayejifunza kusoma kwa ajili ya macho ya umma, hata akisoma vizuri. Mwenzake anayekwama ataona kwamba hakuchaguliwa.

Walimu wenzako wanaosema urudi kwenye chaki nawaelewa, lakini wamekosea mahali pamoja, na ni mahali ambapo na wewe umekosea. Nyote mnadhani kilichofanya kazi ni simu. Soma tena barua yako. Binti yule hakukaa wima kwa sababu alirekodiwa. Alikaa wima kwa sababu mama yake alimjibu. Wale watu wote waliobonyeza dole gumba Facebook baadaye, hakuna mtoto hata mmoja unayeniambia alikaa wima kwa ajili yao.

Katikati ya miaka ya 1980 nilikuwa na Darasa la Pili hapa Arusha, na dada mmoja niliyesoma naye alikuwa na darasa kama langu huko Moshi. Tukawafanya watoto waandikiane barua. Tulizifunga kwa kamba ya katani tukampa kondakta wa basi, kilomita kama themanini, na majibu yalichukua wiki mbili, wakati mwingine mwezi. Nilikuwa na mtoto aliyeandika ovyo tangu Januari, herufi zinapanda mlima na kushuka. Siku ya barua alifuta kwa mate na kidole hadi karatasi ikatoboka. Nikamuuliza kwa nini anaharibu karatasi. Akasema, "Mwalimu, huyu wa Moshi atasoma kweli." Neno hilo "kweli" sijalisahau. Mimi nilikuwa nasoma kazi zake kila siku, lakini mimi nilikuwa mwalimu, nilikuwa nasahihisha. Yule wa Moshi alikuwa anasubiri.

Basi mtoto wa miaka saba anahitaji msomaji mmoja anayesubiri. Hana haja ya umati. Walimu wa madarasa ya chini huko Marekani na Uingereza waliliona hilo miaka ya 2010, kabla mtandao wa Twitter haujaitwa X. Akaunti ilikuwa ya darasa, imeshikwa na mwalimu. Watoto walikaa mkekani, wakatunga sentensi moja kwa pamoja juu ya walichojifunza siku ile, mwalimu akaiandika mbele yao, wakahesabu kama inatosha. Kikomo kilikuwa herufi 140, hadi Novemba 2017 kilipoongezwa kuwa 280, na ule ufinyu uliwasaidia: mtoto alilazimika kuchagua neno. Sentensi ilikwenda kwa darasa jingine la rika lao, jibu likarudi, wakalisoma kwa sauti. Sura za watoto hazikuwa na kazi yoyote katika somo hilo. Kilichosafiri ni sentensi.

Ndivyo ninavyokushauri utenganishe. Kazi ya mtoto iende kwa mtu anayemjua au anayemsubiri. Sura ya mtoto, jina lake, sauti yake na beji yake vibaki. Mchoro wa mtoto usio na jina waweza kuuweka hata sokoni Mbuyuni, hautamwonyesha mtu njia ya kwenda kwao.

Kuhusu mwalimu mkuu, usibishane naye ofisi ya walimu mbele ya watu. Omba dakika ishirini, nenda na karatasi. Karatasi ya kwanza iwe sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Picha ya mtoto inayomtambulisha ni taarifa binafsi, na sheria imeziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na mambo kama alama za vidole. Idhini yake inatakiwa iwe ya maandishi, na aliyeitoa anaweza kuiondoa wakati wowote bila kudaiwa sababu. Sentensi ya "shughuli zote za shule" iliyofichwa kwenye fomu ya kujiunga, ukurasa wa tatu, chini ya ada na sare, mzazi hawezi kuambiwa kwamba hapo alikubali mwanae aonekane Facebook. Iko pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayosajili taasisi zinazokusanya taarifa za watu na kupokea malalamiko. Yule mama akienda huko, mwalimu mkuu hatajibu kwa "huo ni ugomvi wa mke na mume". Mwambie hivyo kwa heshima, kama mtu anayemkinga bosi wake na mvua, maana ndicho unachofanya.

Karatasi ya pili iwe fomu mpya, fupi, ya Kiswahili, inayojitegemea. Iulize vitu tofauti kwa mistari tofauti: picha kubandikwa ukutani darasani, picha kwenda kwa mzazi mwenyewe, picha kwenye grupu, picha kwenye ukurasa wa umma. Kila mstari uwe na ndiyo na hapana. Mzazi akisema hapana, mtoto asiondolewe kwenye shughuli wala kupangwa pembeni wakati wenzake wanapigwa picha, kwa sababu mtoto hataelewa sheria, ataelewa tu kwamba yeye hatakiwi. Na umuulize mtoto pia. Wana maoni hao, ukiwauliza.

Karatasi ya tatu iwe ya kumpa anachokitaka. Anataka wanafunzi Januari, na hilo si dhambi, ada ndiyo inayolipa mshahara wako. Mpe picha za mikono inayopanga vizibo vya soda kuhesabu, daftari lenye mwandiko mzuri, bustani ya mchicha, ubao wa asubuhi, darasa limepigwa picha kutoka nyuma wakiwa wamenyoosha mikono. Sweta lisiwe na beji inayosomeka. Kisha mwambie ukurasa uwe wa shule, kwenye simu ya shule, na nywila ijulikane na watu wawili. Kwa sasa picha za watoto 38 zimo kwenye simu yako binafsi. Siku ukiporwa stendi, utamwambia nani? Walimu wa shule za serikali mnaonisoma, vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 mkagawiwa, navyo msivijaze sura za watoto mkavibeba hadi nyumbani.

Akikataa yote matatu, mwandikie barua fupi ya tarehe na sahihi kwamba wewe hutaweka tena picha za watoto bila idhini ya maandishi, ubaki na nakala. Ajira sina uwezo wa kukuhakikishia. Lakini sidhani kama yupo mwalimu mkuu atakayetaka kumfukuza mtu kwa barua kama hiyo.

Neno la haraka juu ya umri. Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp zote zinataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Namba hiyo ilitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya faragha ya watoto mtandaoni, inayoyabana makampuni yasichukue taarifa za walio chini ya miaka 13 bila ruhusa ya wazazi. Haikupimwa kwa ukomavu wa mtoto. Wenzetu wa Australia wameiona ni ndogo, na tangu tarehe 10 Desemba 2025 walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa. Watoto wako wana miaka saba na minane. Hakuna mwanafunzi wako anayetakiwa kuwa na akaunti yake, na usimpe kazi ya nyumbani inayomlazimisha aazime simu ya dada.

Ila wafundishe mtandao ulivyo, kwa sababu simu wanaziona nyumbani. Huhitaji bando. Andika siri moja ubaoni, kwa mfano "Mwalimu anaogopa jongoo". Waache wacheke. Futa kabisa, hadi ubao ung'ae. Uliza: nimefuta? Watasema ndiyo. Uliza tena: nani bado anajua mwalimu anaogopa nini? Mikono yote itapanda. Wape muda wa kukaa na hilo, usiwafafanulie mno. Nimewafanyia wajukuu zangu mchezo huu, na mmoja aliniuliza swali ambalo hata wewe hukujiuliza: "Bibi, sasa unafutaje vichwani mwetu?"

Lile grupu la wazazi lisife. Wazazi wengi walizoea magrupu kama hayo tangu shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Corona, na lina manufaa. Liweke ili maadmini tu ndio watume, liwe la matangazo: kesho njooni na ufagio, Alhamisi kuna chanjo, kikao saa tatu. Matokeo yasiingie humo, madeni ya ada yasiingie humo. Video ya mtoto, ikibidi, iende kwa mlezi wake peke yake.

Na yule bibi mwenye kitochi ndiye aliyenifurahisha kuliko wote kwenye barua yako, kwa sababu yeye ndiye atakayekuonyesha njia. Kitochi kinapokea simu, au sivyo? Basi saa nne, wakati wa mapumziko, mpigie. Weka sauti kubwa, mpe mjukuu kitabu, amsomee ukurasa mmoja. Dakika tatu. Hakuna kilichorekodiwa, hakuna cha kufutwa, hakuna cha kusambaa. Bibi atasema "eeh", atasema "haya endelea", atauliza huyo sungura alipata wapi ujanja huo, na mtoto atajibu. Wapangie zamu, watoto wawili kwa siku, 38 watazunguka ndani ya wiki nne, wenye wazazi wa simu za kutachi na wenye kitochi sawasawa. Dakika za kupiga iombe shule inunue, ni sita tu kwa siku. Ukifanya hivyo mwezi mmoja, utakuta hata wale waliozoea video wanaulizia zamu yao ya simu.

Nimeacha ule mpango wako na rafiki yako wa Arusha mwisho kwa sababu ndio unaonipa raha. Usiuache. Uende kwa akaunti mbili tu, yako na yake, mkiwa nyie walimu ndio mnaoshika simu, na mzazi yeyote aruhusiwe kuja kusoma mlichoandikiana. Watoto watunge ubaoni, wasahihishane, mmoja anakili kwenye karatasi kubwa, upige picha karatasi, utume. Jibu likija, usilisome wewe. Mtoto alisome, hata akichukua dakika tano, hata akisema "mubuwa", ndani ya kuta zenu hapo hana wa kumcheka.

Cha kuandikiana kipo juu ya vichwa vyenu. Nyie mna Kibo, wao wana Meru. Kila asubuhi baada ya namba, watoto watoke uwanjani watazame kama mlima umeonekana au umejifunika. Waandike sentensi moja. Wachore mraba mmoja kwenye chati, wa bluu ukionekana, wa kijivu ukijifunika. Ijumaa wahesabu: Kibo siku tatu, Meru siku mbili, nani kazidi, kwa ngapi? Humo mna kusoma, kuandika na kuhesabu, na mna sababu ya kusubiri jibu. Mwezi wa nne mvua zikipamba moto chati zote mbili zitakuwa za kijivu tupu, na hapo ndipo watakapoanza kuulizana mawingu yanatoka wapi, na wewe utakuwa na somo ambalo hukulipanga.

Yule mtoto wa fagio akirudi, mpe penseli ya bluu.

Na mkiwaandikia wenzenu kwa mara ya kwanza, nichukueni na mimi kwenye hesabu. Leo asubuhi hapa Sakina nilitoka na kikombe cha chai saa kumi na mbili na nusu, Meru ulikuwa wazi hadi kileleni. Saa mbili ulikuwa umeshajifunika.